Kikohozi Kabla ya Sehemu ya Pili

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo baada ya misa Mzee Anselmi katangaza kuwa anang'atuka. Miaka ishirini na sita anaongoza kwaya yetu hapa Kihonda, sasa magoti yamegoma, anarudi kwao Mgeta kulima kabichi. Nilisikitika sana. Nilisikitika njia nzima, nikicheka peke yangu.

Maana nani mwingine? Mwaka wa kumi na moja huu mimi ni mwalimu msaidizi. Nagawa makaratasi ya nota na kutoa "do". Mwezi ujao parokia inatimiza miaka hamsini, askofu anakuja, na atakayesimama mbele na kijiti cheupe cha Mzee ni mimi, Agustino, muuza vipuri vya baiskeli. Koti nimeshonesha tangu Machi. Lina mikia miwili nyuma, kama la waongozaji wa Ulaya. Mke wangu Prisca aliuliza kama ni la kufukuzia ndege shambani. Nikamsamehe.

Sasa pigo! Mzee hakutaja mrithi. Anayetaka kijiti afike ukumbini Jumamosi saa nne. Tutapigiwa simfonia moja kubwa ya Kijerumani ya karne ya kumi na tisa, ileile, chini ya waongozaji watatu tofauti. Hatutaambiwa nani ni nani. Tumtambue kila mmoja na tueleze ameifanyia nini. Mzee anadai mwongozaji huanza na sikio, mkono unafuata. Nina mashaka na hilo. Mkono wangu ni mzuri sana.

Tumejiandikisha wawili, mimi na Ezekiel mpiga kinanda. Ezekiel! Mtu anayefumba macho akipiga, ili tuone kwamba amefumba.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka nimefunga. Mzee katupa flashi yenye rekodi zote tatu tujizoeze. Nimewabatiza waongozaji wenyewe: Mzee Taratibu, Bwana Moto na Profesa.

Simfonia ina sehemu nne. Nilianza na Mzee Taratibu. Sehemu ya kwanza nzuri, kelele za kutosha. Ya pili ilipoanza, polepole, nikafumba macho kidogo. Nikazinduka watu wanapiga makofi. Nikahamia kwa Bwana Moto. Nikazindukia makofi tena.

Prisca alikuwa pembeni anachambua mchicha. Kauliza mbona yule wa kwanza hana haraka na huyu wa pili anakimbia, na muziki ni uleule. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo haya yanataka elimu. Akaendelea kuchambua.

Jumatano, 9 Julai

Nimegundua! Nilitaka kumkumbatia mteja aliyekuja kununua mnyororo.

Hizi rekodi zilichukuliwa ukumbini, watu wamekaa wanasikiliza. Kwa Mzee Taratibu kuna mtu mwenye kifua. Kabla tu ya sehemu ya pili anakohoa mara mbili. Kwa Bwana Moto, pale pale, kiti kinalia. Kwa Profesa kimya kabisa. Basi! Sina haja ya kuisikiliza simfonia hata kidogo. Nikisikia kikohozi, mtu nimeshamjua.

Maoni nimeyaokota mtandaoni na kuyakariri. Huyu "anajenga matao mapana ya sauti". Yule "anautandaza muziki kwa pumzi moja". Sijui maana yake, ila mbele ya kioo, ndani ya koti, yananipendeza.

Ezekiel kapita dukani. Kaniletea tangawizi, maana mafua yamejaa mtaani na anajua kifua changu hunisumbua Julai. Kakiri kwamba sehemu ya pili inamchanganya, rekodi ya kwanza na ya tatu anashindwa kuzitenganisha. Kauliza mwenzake nafanyaje. Nikamwambia kwangu ni kama mchana na usiku. Akaondoka mnyonge. Tangawizi ni nzuri.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejitolea kupanga viti ukumbini. Watu wamenisifu kwa unyenyekevu.

Kesho kina mama watapika pilau uani ya kumuaga Mzee, chini ya dirisha la kushoto, na kuni zimelowa na manyunyu ya juzi. Kiti cha Ezekiel nimekiweka dirishani hapo hapo. Kesho atafumba macho kwa sababu ya kweli.

Nikakaa kwenye kiti hicho kujaribu spika. Nikafungulia Mzee Taratibu, nihakikishe kikohozi. Kipo. Nikasahau kuzima. Fidla nzito zikaingia chini kabisa, polepole, nikamkumbuka marehemu mama akishuka mlimani alfajiri na tenga la mboga, mimi nyuma yake nimeshika pindo la kanga. Nililia. Nililia kweli, peke yangu, kwenye kiti cha Ezekiel. Kuni zilikuwa hazijawashwa hata moja.

Nimeamua kwamba ni vumbi.

Jumamosi, 12 Julai

Siwezi kuandika. Naandika.

Kwaya nzima ilikuwepo. Mimi na koti. Mzee kasema atatupigia sehemu ya pili ya kila rekodi, kwa mpangilio wake, akianzia sekunde chache kabla. Akabonyeza. Kimya. Moshi ukaingia dirishani vizuri kama nilivyoupangia. Kisha nikasikia kikohozi. Mara mbili!

Nikaruka juu. Nikatangaza kwamba huyu ndiye mwongozaji mzee, anajenga matao mapana ya sauti. Hapo muziki wenyewe ulikuwa haujaanza. Ulipoanza ulikuwa mwepesi, msafi, wa Profesa mtupu. Nikageuka. Ezekiel alikuwa anajifuta machozi kwa leso, anaomba radhi kwa kukohoa.

Mzee kauliza kwa utulivu nimemjuaje mtu kabla hajapiga hata nota moja. Nikajibu ni kipaji.

Rekodi ya pili. Kikohozi tena, mara mbili. Mimi si mjinga, sidanganywi mara mbili na moshi uleule. Nikasema Profesa. Alikuwa Mzee Taratibu na mgonjwa wake. Ya tatu, kiti kikalia. Nikageuka kuona nani kakaa vibaya. Nikasema sijui. Ezekiel naye, macho mekundu, kapata mmoja tu. Mzee akaanza kukivingirisha kijiti kwenye gazeti. Sura yake ilinisikitisha, safari hii bila mzaha.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Prisca! Mwiko mkononi, kanga kiunoni.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe kuingilia. Huyu wa pili anashuka mlima na tenga la kabichi kichwani. Hana haraka, goti linajua kila jiwe. Wa tatu keshatua mzigo, anakimbilia nyumbani. Wa kwanza anatembea kama kabeba, lakini hajabeba kitu."

Mzee Anselmi, mtoto wa Mgeta kama Prisca, alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Kauliza kasikilizia wapi. Prisca kasema jikoni kwake, wiki nzima, mumewe Baba Rosa akiwa amelala.

Watu walinitazama.

Mzee akamwita ndani, akampa kijiti. Prisca kakirudisha, mikono ina mafuta ya pilau. Kainua mwiko. Akavuta pumzi tu, na watu thelathini wakavuta naye, wakaingia pamoja. Miaka kumi na moja hatujawahi kuingia pamoja. Nilijivunia mke wangu kuliko nilivyowahi kujivunia chochote. Kisha nikakasirika kwa kujivunia.

Pilau ilikuwa imeungua kidogo chini. Nikaitaja. Hakuna aliyeniunga mkono.

Jumapili, 13 Julai

Nimekaa, nimetafakari kwa unyofu. Mtu mzima lazima akubali kosa lake. Kosa langu lilikuwa moja: nilimweka Ezekiel dirishani badala ya mlangoni.

Prisca, mwongozaji wetu mpya, kachukua koti langu. Mikia yote miwili kaikata, kaishona mfuko wa kijiti. Kanifahamisha pia, kwa sauti ya ofisini, kwamba nafasi ya msaidizi iko wazi. Mzee atashuka kutoka Mgeta mwisho wa mwezi na simfonia nyingine, na mimi nitapimwa kama wengine. Ezekiel keshajiandikisha. Nimemrudishia tangawizi iliyobaki.

Jioni hii kaweka sehemu ya pili ya Mzee Taratibu, kasogeza kigoda karibu na chake, kaniomba nikae tu tusikilize wote, bila kusema neno. Fidla zile nzito zilikuwa zinaanza. Nikajifuta vumbi machoni. Nikamwambia sina nafasi, nina kazi.

Na kazi ninayo. Mzee katuachia kabisa flashi yake ya kujizoeza. Nimeshaanza kuipitia, na tayari nimempata wa kwanza: dakika ya kumi na mbili, mtu anadondosha funguo.