Malalamiko Juu ya Binti wa Kaunta Aliyeniuliza Kompyuta ni ya Kazi Gani

Kwa Bwana Mwenye Duka la Vipuri vya Kompyuta,

Salamu za heshima kwako na kwa duka lako lote lenye kiyoyozi.

Kabla ya yote, ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati. Mimi nikichagua kitu kwa macho tu, basi ndicho. Mke nilimchagua kwa macho, katikati ya umati, na hadi leo watu wananiuliza nilifanyaje. Nimetembea, nimeona bandari na viwanja vya ndege, na hajazaliwa muuzaji wa kunichezea. Ndiyo maana mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeanza kazi ya kurekodi harusi, alipotaka kompyuta ya kuhariria video, nilimwambia atulie nyumbani. Prosesa anakwenda kuichagua mjomba.

Niliyoyakuta dukani kwako ni aibu. Nayapa namba usije ukajifanya hujaelewa.

1. Binti wako wa kaunta aliniuliza, "Mzee wangu, kompyuta ni ya kazi gani?" Mbele ya wateja! Nikinunua suruali, mtu ataniuliza nakwenda kukaa wapi? Nilimjibu kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta, na mimi sikuja kutafuta ubongo wa wastani. Nataka ule mkubwa, wenye namba ndefu kwenye boksi.

2. Hakunyamaza. Akasema ile ya kati inatosha, hela inayobaki niongezee memori. Eti prosesa ni mpishi na memori ni meza yake. Mpishi hodari asiye na mahali pa kukatia vitunguu atapika wapi? Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kununua kompyuta, sijaja kufungua hoteli." Wateja walicheka. Nilishinda.

3. Hili ndilo zito kuliko yote: alinisikiliza. Akanifungia ile kubwa, pamoja na memori ndogo kuliko zote dukani, maana ndiyo hela iliyobaki. Duka gani hili linalompa mteja anachotaka? Daktari humpa mgonjwa kidonge alichopenda rangi yake?

4. Fundi wako ameiunganisha. Ukiiwasha, feni inanguruma kama inataka kupaa, halafu safari yenyewe hakuna. Mpwa wangu akifungua video, bibi harusi anaganda mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Tangu Jumatatu hajafika kwenye kiti. Bwana harusi tumemwona kisigino tu. Mama wa bibi harusi anapiga simu kila asubuhi: "We mtoto, mwanangu ameshaingia ukumbini au bado?" Ameapa asipopata video yake Jumamosi, atawaambia wadogo zake wawili, ambao nao wanaozesha, watafute mtu mwingine. Na hao ndio wateja wote alionao mpwa wangu.

Kwa hiyo nadai namba zote zifutwe kwenye maboksi, kwa sababu zinawapotosha watu wenye akili. Nadai pia binti wa kaunta afundishwe ukali: mteja akizidi ubishi amtoe nje, na akirudi amfungie mlango. Hayo yakishindikana, harusi irudiwe kwa gharama za duka, na safari hii bibi harusi atembee taratibu, kwa mwendo ambao kompyuta yetu inaumudu.

Nisalimie fundi, mlinzi, na yule mama wa usafi aliyenielekeza kusukuma mlango nilipokuwa nauvuta. Binti wa kaunta simsalimii.

Ni mimi, kwa hasira na heshima zote,
Mzee wa Viwanja

Nyongeza: Barua hii anakuletea mpwa wangu mwenyewe, na prosesa amekuja nayo, imechomolewa na kurudishwa ndani ya boksi lake. Hajanilaumu hata kidogo. Ameniambia tu, "Pole kwa usumbufu, mjomba," na hilo ndilo linaloniua. Tafadhali binti wa kaunta amhudumie yeye, ampe ile ya kati na memori ya kutosha, ili mpwa wangu amwahi mama wa bibi harusi kabla ya Jumamosi. Kompyuta ni ya kuhariri video za harusi. Jibu nilikuwa nalo tangu aliponiuliza. Nilichokuwa sikijui ni prosesa. Na ile bahati yangu ni uongo. Mke ndiye aliyenichagua, na hajawahi kuniambia aliona nini.