Ndiyo Yangu na Maparachichi ya Watu

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yakapata joto, na mnaijua baridi ya Njombe. Naandika nikiwa kando ya barabara, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Mkiona herufi zimerukwa, ni vidole vimekufa ganzi.

Kwa wasionijua, nafundisha tuisheni ya Kiingereza Makambako. Chumba kimoja, ubao mmoja, na wanafunzi wanaoongezeka (walikuwa wanaongezeka hadi leo asubuhi). Ugonjwa wangu ni mmoja: sijui kutulia. Mtu akianza tu kuuliza swali, jibu langu liko mlangoni limeshavaa viatu.

Juzi alinipigia Mzee Mgaya. Mjukuu wake anasoma kwangu, na yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa maparachichi, kijiji kimoja nje kidogo ya Njombe.

"Mwalimu, tumepata mnunuzi. Mama wa kizungu, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Njoo utusemee."

"Hesabu nimeshafika," nikamwambia. Nilikuwa bado kitandani.

Akanieleza hali ilivyo. Msimu uliopita mnunuzi aliahidi, hakutokea. Maparachichi yakapitiliza mtini, yakaanguka, wakalishwa nguruwe mpaka nguruwe wenyewe wakayachoka. Safari hii mzigo wote umeshachumwa na uko kwenye kreti. Mama yule akiridhika, anapakia siku hiyo hiyo. Asiporidhika, nguruwe wanajua njia.

Basi leo nimefika saa nzima kabla ya wakati. Nikazunguka kreti. Nikakaa, nikasimama, nikachungulia barabara, nikakaa tena. Wanakikundi walikuwa wametulia kwenye mabenchi na masweta yao, kama watu waliozoea kungoja.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu bibi mmoja aliyekuwa anafuma kofia ya mtoto pembeni. Anaitwa Bibi Yustina.

"Kamwene, bibi."

"Kaa basi. Unatuchosha macho."

Nikakaa. Dakika moja hivi.

Pikapu ya mgeni ikaingia. Akashuka Bi Helen, mama mrefu, mpole, ana daftari dogo. Nikamkaribisha kwa Kiingereza changu chote, hadi kile cha akiba. Wanakikundi wakatazamana kwa fahari. Mzee Mgaya akavuta pumzi ya mtu aliyepata mkombozi (nilimwona, na inaniuma).

Bi Helen akafungua daftari. Swali la kwanza: "You don't pick them up from the ground?"

Rahisi kama uji. Nikawageukia watu: "Anauliza, yale yaliyoanguka hamyaokoti?"

"Ndiyo," wakaitika wote, kama kwaya ya usharika. Maana yake, ndiyo, hatuokoti. Parachichi lililoanguka mnunuzi halitaki, na hawa wanachuma moja moja na kikonyo chake.

Nikamgeukia Bi Helen: "Yes!"

Akainua nyusi, akaandika. Swali la pili lilihusu dawa: "And you don't spray them just before picking?" Safari hii hata sikungoja watu wamalize kusikia. "Anauliza, mkikaribia kuchuma hamyapigi dawa?"

"Ndiyo."

"Yes, yes." Nilitia mbili, ya pili ya msisitizo.

Bi Helen akanitazama kidogo, akaandika tena, safari hii mistari mirefu. Mimi nikajua tunafaulu. Mwalimu yeyote akiona mtu anaandika sana anadhani ameeleweka.

Swali la tatu likawa hili: "And the old ones, you don't mix them in?" Sasa, alikuwa anaongelea maparachichi yaliyopitiliza. Lakini ile "them" ya kizungu haina "ya" wala "wa". Kiswahili kingeniambia hamyachanganyi au hamwachanganyi, ningejua tunasema matunda au watu. Yao ni moja kwa wote, tunda na babu. Na mimi, kwa haraka zangu, nikaokota babu.

"Anauliza, wazee hamwachanganyi humu?"

Mzee Mgaya akavua kofia, akaivaa tena.

"Swali gani hilo? Mwambie wazee tumo humu humu, tumechanganyika na wenzetu toka kikundi kinaanza. Na mwenyekiti ni mzee."

Nikatafsiri kwa uaminifu mkubwa: "The old ones are all mixed in. One of them is the chairman."

Bi Helen akaziangalia kreti kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anamtafuta mwenyekiti.

Kisha akafunga daftari. Akasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba anasikitika, hawezi kuyachukua. Akamwambia dereva ashushe turubai na awashe gari.

"Anasemaje?" akauliza Mzee Mgaya.

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe jibu halikuwa mlangoni. Nikasema tu, "Anasema hayachukui."

Mama mmoja akakaa chini palepale kwenye majani yenye umande. Hakuna aliyenilaumu, na heri wangenilaumu. Mimi nilikuwa nageuza maneno yangu kichwani, yes, yes, kila moja naliona zima. Sikuona kosa liko wapi, jamani. Mimi mwenye ubao.

Bibi Yustina akaweka kofia yake na sindano kwenye kikapu. Akatembea hadi kwenye dirisha la pikapu bila haraka yoyote, akamgongea Bi Helen kioo.

"No, madam," akasema. "We don't pick them up. We don't spray them. The old ones, we don't mix them in. No, no, and no."

Injini ikazimwa.

Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili, kila mtu akisikia. "Mwalimu, sisi ndiyo yetu inamkubali aliyeuliza. Yes yao inakubali tendo lenyewe. Umemwambia tunaokota ya chini na tunapiga dawa. Hilo la mwenyekiti sijui hata nisemeje."

"Bibi, Kiingereza umejifunzia wapi?"

"Kwenye udobi. Nimewafulia masista wa misheni miaka mingi. Kutwa nzima don't mix them, don't leave them out. Usipoielewa don't, kanzu ya padre inatoka pinki."

Bi Helen akashuka, na bibi alipomweleza alicheka mpaka akaegemea kreti. Wanakikundi walipotafsiriwa nilichosema juu ya mwenyekiti wakacheka zaidi yake, hata yule mama wa kwenye majani. Mzee Mgaya peke yake hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo mjukuu wangu pale kwako anajifunza nini?"

Maswali yakaanza upya, mkalimani akiwa Bibi Yustina. Mimi nikapewa kazi ya kumshikia uzi wake wa kufumia usidondoke kwenye tope. Nikaushika vizuri. Kufika saa saba kreti zote zilikuwa juu ya gari, na mimi, pamoja na aibu yangu, nilifurahi kuliko mtu yeyote pale. Nisingeweza kuishi na wale nguruwe kichwani.

Bi Helen akapanda. Manyunyu yakaanza. Akashusha kioo, akaniuliza kwa wema kabisa: "You don't want a lift to Makambako?"

Sikukurupuka. Nilitulia, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Nikakumbuka somo: yes ndiyo iliyoniponza. Nikanyoosha mgongo, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyeelimika.

"No!"

Akanipungia mkono, akaondoka.

Nikabaki natazama vumbi ambalo hata halikuwepo, maana ni tope. Bibi Yustina akapita na kikapu chake. "Amekuuliza kama hutaki lifti," akasema. "Umemjibu hutaki."

Basi niko hapa kibarazani, mvua imeshika kasi, gari la Makambako sijaliona. Hamnicheki, eti? Nijibuni kwa Kiswahili tafadhali.