Saa ya Ng'ambo na Asali ya Mama Mkwe

Jamani, leo uso wangu sijui nauficha wapi. Sogeeni hapa kibarazani kwa fundi Salumu niwaambie mwenyewe, kabla mjomba hajawafikia na chumvi zake.

Nyie mnajua nimerudi juzi tu kutoka Albertville, ng'ambo ya ziwa, kwa Wabelgiji. Nimepakua mizigo bandarini kule mpaka nikanunua saa ya mkononi (mmeiona, nimewaonyesha wote, wengine kwa nguvu). Jana fundi akaitazama akasema, "Bwana Kasiano, saa yako iko nyuma. Kule wana majira yao, huku tuna yetu. Tunawatangulia saa nzima."

Nikamcheka. Nikasema jua ni moja, na saa yangu imetoka kwa watu wa saa. Albertville hata muuza samaki anakuuliza saa kabla hajakuuliza hali. Hapa Mpanda tunangoja king'ora cha mgodi kama kuku wanavyongoja mtama. Nikaapa kwamba king'ora chenyewe ndicho kinachokimbia.

Sasa leo mama yake Matilda alikuwa anakuja kutoka Ugalla, kwa gari moshi la saa nne asubuhi. Matilda namfahamu, tulionana kwa shangazi yake hapa hapa kabla sijavuka ziwa. Mama yake sijawahi kumwona, maana posa aliipeleka mjomba mimi nikiwa ng'ambo. Anakuja kunitazama, halafu aseme ndiyo au hapana. Na mposaji wa kwanza alishamrudisha, maneno yake yalikuwa mengi.

Mjomba akaniusia, "Pokea mzigo, inamisha macho, funga mdomo. Na usithubutu kula mbele ya mkwe."

Nikapiga pasi. Saa yangu ikasoma saa tatu u nusu, nikatembea polepole nisichafue viatu. Stesheni kimya. Hakuna gari, hakuna watu, ila mama mmoja amekaa juu ya kifurushi chake. Nikajisifu moyoni kwamba nimewahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unangoja mtu?"

"Nangoja. Na wewe?"

"Na mimi nangoja."

Basi maongezi yakakolea (yangu, yeye alikuwa anaitikia "eeh" tu). Nikamweleza Albertville, taa zake, watu wake wanavyotembea jioni wamechana nywele. Nikawasema watu wa Mpanda. Kisha, Mungu anisamehe, nikafika Ugalla. "Kule mama, saa yao ni nyuki kurudi mzingani. Huyo mama mkwe wangu usishangae akishuka stesheni siyo."

"Eeh," akasema. Akafungua kifurushi, akatoa kiazi kilichochemshwa na kibuyu cha asali. "Kula, baba. Kungoja kunachosha."

Nikala. Nikachovya tena. Nikalamba vidole vyote, na kiganja.

"Na huyo mkwe, mbona umemjia mapema hivyo?" akauliza.

Hapo sikutania. "Mama, mtu aliyemlea Matilda hatakiwi kungojeshwa hata kidogo. Ningeweza, ningelala hapa hapa stesheni."

Akanitazama sana. Mara akapita mfagiaji wa stesheni, nikamuuliza gari la saa nne limekwama wapi.

"Lipi? Limefika zamani, limeshakwenda mgodini kupakia. Amebaki huyo mama wa Ugalla, anamngoja mkwewe."

Kiazi kilikuwa bado shavuni. Kukitema mbele ya mkwe, aibu. Kukimeza mbele ya mkwe, aibu. Nikageukia ukuta, shavu limevimba, mikono inanata, na Matilda namwona anaondoka hivi hivi.

"Meza, utapaliwa," sauti ikasema nyuma yangu. Nikameza. "Asali hiyo nilikuletea wewe. Angalau kuna kitu kimoja leo umekiwahi."

Nikabeba kifurushi, nikamfuata nyuma, macho chini, mdomo nimefunga (sasa ndiyo nakumbuka). Nyumbani mjomba jasho linamtoka, kila akiniuliza kwa macho mimi natazama miguu yangu. Mama akaketi, akanywa maji, akamgeukia mjomba.

"Yule wa kwanza alimsifu binti yangu akijua namsikia. Huyu wako ametukana Ugalla nzima, lakini amemsifu Matilda bila kujua anaongea na nani. Mimi nimekubali."

Jamani, niliketi chini palepale kwenye vumbi na suruali yangu ya pasi. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Haya fundi, shika hii saa, isogeze mbele. Na nyie mnaoshika mbavu, harusi itafuata king'ora cha mgodi. Atakayechelewa siku hiyo, itakuwa zamu yangu ya kucheka.