Meza Zimejaa kwa Verediana

Jumatatu, 12 Mei 2014
Kasulu. Baridi ya kung'ata. Mimi Longinus, Mshauri Mkuu wa Mawasiliano na Mitandao ya Kijamii, nimewahi ofisini. Ofisi ni meza ya dirishani, mgahawa wa shemeji yangu Verediana. Meza nyingine tupu! Wateja wamehamia ng'ambo ya barabara kwa Mwalimu Ghati, yule mama mstaafu wa Mara, anayekaanga chipsi na kufungulia muziki. Ananiita Mshauri wa Viti. Shemeji kasema Ijumaa ikikuta meza bado tupu, anafunga, anarudi kwao Murungu kulima. Nikashtuka! Akifunga, ofisi yangu inakwenda wapi? Na sahani yangu ya mchana? Nikamwambia atulie, kuna mwenye basi wa Kigoma nilimshauri, abiria wakajaa mpaka dereva akasafiri amesimama. Akaguna. Lakini kaniachia kazi.

Jumanne, 13 Mei
Mkakati tayari. Fesibuku! Nimempiga shemeji picha kwa simu. Hakucheka, eti hana la kuchekea. Safi, sura ya heshima. Nikaondoa rangi, nyeusi na nyeupe tupu, kama wakubwa. Maua pembeni. Mshumaa, kwa ajili ya mwanga. Chini: "Verediana, 1964–2014. Mama aliyelisha wengi. Karibuni nyote kwake, Kasulu." Yaani tangu azaliwe mpaka leo, watu waone uzoefu. Rodrigue, Mkongo anayeuza vitenge, akachungulia begani. "Papa, hii photo ni ya kilio." Nikamwambia matangazo ni taaluma, asiingilie. Nikabonyeza.

Jumatano, 14 Mei
Shemeji kaenda Rungwe Mpya kununua maharage, atalala huko. Simu yake haina chaji. Huku ni ushindi! Watu wananiandikia "pole sana Longinus". Kweli, kazi ilikuwa nzito. Na Ghati kazima muziki! Kavuka barabara amejifunga khanga, macho chini, kanishika mkono kimya. Hakunitania hata kidogo. Mpinzani akinyamaza, jua umemmaliza.

Alhamisi, 15 Mei
Meza zote zimejaa! Mpaka uani! Wanawake wamekuja na mikeka, kuni, unga, wanapika wenyewe. Wanaume wamewasha moto. Hakuna anayeuliza bei, wanakula na kujifuta machozi. Nikadhani ni moshi. Saa sita likaingia Fuso kutoka Murungu, ukoo mzima wa shemeji juu yake, wanamlilia Mungu kwa Kiha, "Imana weee!" Hapo nikaanza kuelewa kidogo.

Mara bodaboda. Anashuka Verediana mwenyewe na gunia lake. Wa kwanza kukimbia alikuwa katekista aliyekuja kuongoza sala, akifuatwa na Ghati, kiatu kimoja. Shemeji akauliza kwa hofu nani kafariki. Bibi mmoja, mdomo umejaa wali, akamjibu: "Wewe."

Akauliza nani kasema. Vidole vyote vikanigeukia. Nikamkumbusha kwamba tangu afungue mgahawa haujawahi kujaa hivi. Akanirushia mwiko. Ndugu zake wakanimalizia kwa gunia lile lile la maharage, maana Fuso halikuja bure. Kaka yake mkubwa, Tharsisi, kanishika kola: kesho mchana niwe nimewatangazia watu wote kwamba dada yake mzima, la sivyo meza yangu inalala barabarani na mimi juu yake.

Ijumaa, 16 Mei
Usiku nimetafakari. Kosa nimeliona: rangi nyeusi! Watu wetu wanaiogopa. Nimetengeneza picha mpya. Shemeji nimemvika nyeupe tupu, kwa simu. Mawingu nyuma yake. Mwanga juu ya kichwa, njiwa wawili, mikono ameinua. Chini: "Verediana yu hai, yuko pamoja nasi daima." Nani sasa atasema amekufa? Nimeituma kabla ya muda wa Tharsisi, tena kwa watu mara mbili ya wale wa mwanzo.

Simu inaita mfululizo. Sasa hivi ni Kibondo. Wamekodi gari, wanauliza mazishi ni saa ngapi. Nimewajibu waje haraka, wamwone kwa macho yao.