Muhuri wa Si Bouazza

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwenye nyumba kasema wazi: mkataba wa saluni yangu usipogongwa muhuri wa baladiya, ofisi ya manispaa, kabla ya swala ya Ijumaa, saluni anampa Driss. Driss! Kinyozi anayekata watu masikio. Nikaenda. Si Bouazza, yaani Bwana Bouazza, karani wa mihuri, akanifungia dirisha usoni, kama kila siku, saa nzima. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema hayanihusu. Tangu hapo sina raha. Anakwenda wapi?

Jumanne, 7 Oktoba
Sikurudi kwenye foleni. Nimeamua kumshitaki kwa Msuluhishi, yule anayepokea malalamiko ya raia dhidi ya maofisa. Kurasa tatu! Mke wangu Rqia aliuliza kama kwa muda huo nisingekuwa nimeshapata muhuri. Rqia haelewi mambo ya haki. Binti wa mapokezi kwa Msuluhishi aliisifu barua, akanirudishia. Sahihi yangu lazima ithibitishwe baladiya. Na nani? Na karani wa mihuri.

Jumatano, 8 Oktoba
Niliikunja barua ionekane sahihi tu. Bouazza akaikunjua. Akasoma zote tatu, midomo ikicheza, mimi nikitazama dari. Akasema ukurasa wa pili umemgusa. Ila dirisha hulifunga saa nne na robo, si saa nne. Nisije nikaidanganya serikali. Nikasahihisha. Akagonga. Akauliza kama nina karatasi nyingine. Mkataba ulikuwa mfukoni. Nikasema sina: simwombi hisani mtu ninayemshitaki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Barua imepokelewa. Jibu ndani ya siku sitini. Rqia akauliza, taratibu, kama Ijumaa nayo itasubiri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nilikuwa wa pili kwenye foleni dirisha lilipofungwa. Wenzangu wakasubiri. Mimi nikamfuata Bouazza. Kumbe huenda ofisi ya umeme! Wamemwandikia bili ya mita ya jirani, mwezi wa tatu sasa anafuatilia. Dirisha limefungwa: karani wa umeme katoka kidogo. Kwenda wapi? Bouazza naye hajui. Tukamsema weee. Mtu mzuri, kumbe. Saa tano na robo akasema turudi, anigongee. Nikamwambia atangulie, nilitaka kumwona huyo karani anatokea upande gani. Hakutokea. Nilipofika baladiya, adhana imeshatoka, milango imefungwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Driss amehamia. Nimelia kidogo, nakiri. Rqia akauliza nimejifunza nini. Nimemwambia: karani wa umeme hutoka saa nne kamili, foleni nzima ni mashahidi. Kurasa nne tayari. Jumatatu nampelekea Bouazza anigongee muhuri.