Kobe Mwenye Tundu Tumboni

Jumapili, 3 Agosti

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: mimi ni msanii. Nyumbani wanadhani nakuja huku kusoma kwa utulivu. Kitabu nakuja nacho kweli. Kinakaa juu ya ndoo ya udongo, kimefungwa.

Huku ni kiwanda cha zamani cha sabuni. Siku hizi kila chumba kina msanii wake, lakini ukuta ukipata joto bado unanukia sabuni. Shangazi ni mfinyanzi, yuko chini, palipokuwa pa kuchemshia. Jumamosi milango yote itafunguliwa, wageni wapite studio hadi studio. Shangazi kasema kazi yangu ikitoka salama tanurini, itakaa rafu ya mbele.

Rafu ya mbele! Leo nimemaliza kobe. Mnene, mwenye uwazi ndani, uso wa hekima.

Tatizo ni mtoto wa Shangazi. Namwita Tabasamu, maana hata akijikwaa anatabasamu. Yeye anafinyanga bakuli. Leo kamsifu kobe wangu mara mbili. Ya nini?

Jumatatu, 4 Agosti

Nilijua! Nimemgeuza kobe. Tundu tumboni! Dogo, la sindano. Na mwenye sindano ni nani? Tabasamu, kaichomeka kwenye kola ya shati bila haya.

Sikumuuliza. Kuuliza watu siwezi, sauti hunikimbia. Nilisubiri akanawe mikono, nikaliziba tundu kwa udongo, nikalainisha kwa kidole. Hakuna atakayejua.

Kisha nikapanda ghorofani kuchunguza majirani. Mchoraji akasema nimepita mlangoni kwake kama paka wa jirani: ama niingie, ama anifunge kengele shingoni. Nikaingia. Ukutani kuna picha ya mtu anayetabasamu. Basi na yeye yumo njamani.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kupanga tanuri. Vikombe vya Shangazi vimejaa, nafasi imebaki moja. Tabasamu akasema bakuli lake lingoje, Kaka atangulie. Kaka! Tumepishana wiki chache tu.

Shangazi akauliza kama kobe ana tundu. Tabasamu akajibu ndiyo, mama, nilimtoboa mwenyewe. Amekiri hadharani! Na Shangazi akamsifu! Kumbe wote lao moja. Huwezi kujitetea katikati ya genge.

Jioni tanuri likalia puu! Ikafuata sauti ya vigae vikimiminika.

Ijumaa, 8 Agosti

Tanuri limepoa, limefunguliwa. Vikombe vyote vipande. Kobe kabaki kichwa, bado kina hekima.

Shangazi alikaa kitako sakafuni. Akaeleza kwamba udongo huwa na unyevu, na chombo chenye uwazi ndani lazima kiwe na tundu ili mvuke utoke, la sivyo hulipuka. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Sauti ikanikimbia.

Tabasamu akasema kosa ni lake, huenda sindano haikufika ndani. Amejitwisha kosa! Mtu hajitwishi mzigo usio wake bure. Anataka nini?

Jumamosi, 9 Agosti

Wageni wakaja. Rafu ya mbele ilikuwa na bakuli moja, bichi, la Tabasamu. Lile lile alilolibakiza nje kwa hiari. Alijuaje?

Shangazi aliwaambia wageni moto haukuwa upande wake safari hii. Wakampa pole. Mama mmoja akaniuliza kama na mimi ni msanii. Nikamwambia nasubiri mtu. Nikashika kitabu mpaka wakaondoka. Nilikishika juu chini.

Jumapili, 10 Agosti

Tabasamu kanifuata nilipokaa. Mkononi alikuwa na kobe mpya, udongo bado laini. Kasema amenifinyangia badala ya yule. Kamwomba mama yake, naye amekubali: wageni watarudi mwezi ujao, rafu ya mbele ni yangu. Usijali, Kaka, kasema. Huku anatabasamu!

Nikamshukuru kwa adabu zote. Kobe ni mzuri kuliko wangu. Nikamtegea sikio tumboni. Kimya. Kimya mno.

Tabasamu alipotoka kuteka maji, nikachukua waya wa kukatia udongo. Nikaupitisha taratibu, kichwa hadi mkia, kobe akafunguka nusu mbili. Ndani hamkuwa na kitu. Nikaipekua kila nusu kwa vidole mpaka ikawa bonge. Bado hamna. Nikanawa, nikakaa chini, nikaanza kupekua begi lake.