Gari la Saizi Yangu

Jumatatu, 4 Juni

Nimeuza lile gari letu la kubebea vitambaa. Hatimaye! Lilikuwa likipanda mlima kwa kukohoa na kushuka kwa kudra. Mke wangu ameridhika, maana anajua tunanunua jingine. Gari gani, sikumwambia. Hakuuliza. Kosa si langu.

Jumamosi binti yangu anaolewa. Binti mmoja tu, hakuna wa akiba. Nimembeba mgongoni, nimempakia kwenye baiskeli, nimemkimbiza shule akichelewa. Safari hii ya mwisho akiwa bado wa nyumbani kwangu nampeleka mwenyewe. Na ninampeleka kwa gari la spoti, jekundu, lisilo na paa, shela likipepea nyuma! Picha hiyo ninayo kichwani tangu alipokuwa hajui kufunga viatu.

Tatizo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni mwembamba kiasi kwamba hapa kwenye duka langu la ushonaji tunamwita Sindano. Ana gari la familia, refu, milango mipana, analiosha hata mvua ikinyesha. Leo amepita kusema kwamba yeye kama mjomba yuko tayari kumbeba bibi harusi, mimi nisijisumbue. Aliposema "usijisumbue" aliangalia kitambi changu. Nimemshukuru kwa meno tu, moyoni hapana.

Jioni nimejipima. Kununua gari bila vipimo ni sawa na kununua suti gizani. Nimezungusha tepu kwenye nyonga, nikasoma kwa sauti, nikaandika. Nyonga za kijana! Nimelala na furaha.

Jumanne, 5 Juni

Yadi ya magari. Muuzaji mwenye viatu vilivyochongoka alinipeleka moja kwa moja kwenye magari ya juu, akisema hayo ndiyo ya watu wenye mwili wa heshima. Nikamjibu kwamba mwili wangu nimeupima mwenyewe, na mimi ni fundi wa siku nyingi. Anipeleke kwenye spoti. Nikatoa tepu. Akasema wateja wengine hupiga teke gurudumu, hajawahi kuona anayepima kiti.

Jeusi: paa lilinikalia utosini, ikabidi niangalie barabara kwa jicho moja. Hapana. La bluu: kila nikikanyaga breki, goti lilipiga honi. Mama mmoja aliyekuwa anaangalia gari jirani aliangusha mkoba. Hapana. La njano niliingia bila shida, nikajipongeza, kisha nikagundua nimekalia viti vyote viwili.

Jekundu! Halina paa, kichwa kina uhuru wake. Upana wa kiti ni nyonga zangu kama nilivyoziandika, na kidole kimoja cha nafasi. Nilipima mara mbili. Kama vile nilikatiwa mimi! Kukaa, nilikaa. Yaani, nusu. Kiti kilinibana ubavuni nikabaki nimeelea juu yake kidogo. Muuzaji akauliza kama niko sawa. Nikamwambia kiti kipya na kiatu kipya ni mamoja, kitazoea. Mwenye yadi namshonea suti zake zote, kwa hiyo amekubali nikae nalo hadi Jumapili, nikiridhika ndipo tuandikishane.

Jumatano, 6 Juni

Nimeingia mtaani kwa honi. Jirani aliacha nguo kwenye beseni akatoka na povu mikononi. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza viti vingine viko wapi. Nikamwambia hili ni gari la watu wawili wanaopendana. Akauliza mimi nitapanda na nani. Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Halafu ikabidi nishuke. Sikushuka. Nilijisukuma kulia, kushoto, mbele. Gari lilitikisika, mimi nikabaki palepale. Na nani akatokea? Sindano, bila shaka. Nikafumba macho, nikasema nasikiliza injini. Akasema injini imezimwa. Nikamjibu ndiyo maana nasikiliza kwa makini. Nilisikiliza mpaka majirani wakachoka wakarudi ndani. Ndipo mke wangu akanishika kwapani akanivuta, mguu wake mmoja ameukita kwenye mlango. Nilitoka kwa kishindo.

Tulipoingia sebuleni alichukua tepu yangu akanipima yeye. Akasoma namba nyingine kabisa! Nilibisha. Akacheka hadi akakaa sakafuni, akasema nimejipima kama ninavyowapima wateja. Ni kweli. Mteja akisimama mbele ya kioo namsomea pungufu kidogo, moyo wake ufurahi, kisha kitambaa nakikata kwa ukweli. Huo si uongo, ni huduma. Kumbe mkono umeshazoea, na juzi mteja nilikuwa mimi.

Sasa ameweka sharti. Ijumaa jioni, mbele yake na mbele ya mdogo wake, niingie na nitoke bila kushikwa na mtu. Nikishindwa, bibi harusi anakwenda na mjomba wake. Sindano ameshanunua riboni za kupambia gari lake. Nimeziona mfukoni mwake, nyeupe.

Alhamisi, 7 Juni

Mbinu ya kwanza, kufunga kula. Nilianza asubuhi. Nilimaliza asubuhi hiyohiyo.

Mbinu ya pili, kuvuta pumzi na kuizuia. Imefaulu! Niliteremka mpaka chini kabisa ya kiti, usukani mkononi, raha tupu. Lakini mtu lazima apumue. Nilipopumua kifungo cha shati kiliruka kikagonga kioo cha mbele. Ilibidi mke wangu aitwe tena. Alikuja akiwa na mwiko mkononi.

Mchana binti yangu alikuja dukani kujaribu gauni. Nikiwa na pini mdomoni nikamwambia kwamba akipenda kwenda na mjomba wake, sitakasirika. Uongo mtupu, ningenuna mwaka mzima. Akasema gari lolote kwake ni sawa. Anachotaka ni kimoja, nimwingize ukumbini kwa mkono wangu kama nilivyomuahidi. Machozi yalinilenga. Nikainama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

Na nikiwa chini nikaona! Jora la bitana, ile satini ya kuweka ndani ya suti, lilikuwa linateleza lenyewe kutoka mezani hadi sakafuni, taratibu, hakuna aliyeligusa. Nikasimama ghafla nikajigonga kichwa kwenye meza. Mimi ni fundi nguo! Kwa nini nihangaike na mwili wakati naweza kubadilisha suruali?

Ijumaa, 8 Juni

Suruali ya satini, nyeusi, imeiva. Kwa mbali ni suruali ya kawaida ya harusi. Kwa karibu hata nzi hawezi kutua.

Saa ya mtihani ilipofika, Sindano alikuwa ameegesha gari lake nyuma ya langu, limeng'arishwa tayari. Nilikaa ukingoni, nikajiachia. Fyuu, ndani! Nikashika kioo cha mbele, nikajivuta. Fyuu, nje! Sindano akadai nirudie. Nikarudia. Akadai nirudie na koti. Nikarudia na koti, na kofia, na tabasamu. Mke wangu aliipapasa suruali kwa vidole viwili, akanitazama, akaamua kunyamaza. Huyu ndiye mwanamke niliyemuoa. Sindano ameondoka na riboni zake.

Baadaye nimezunguka nalo mtaa. Kwenye kona nilijikuta upande wa abiria. Jambo dogo. Kesho upande huo atakaa bibi harusi, atanizuia.

Jumamosi, 9 Juni

Naandika nikiwa mzima. Mbavu zinauma, nusu kwa kubanwa, nusu kwa kucheka.

Gauni lilijaza gari lote. Nilishona mwenyewe, sina wa kumlaumu. Gia sikuiona tena, ila binti yangu aliipapasa chini ya matabaka akawa ananibadilishia nikimwambia. Shela lilipepea! Watu waliacha biashara zao wakatupungia. Sindano nyuma yetu, na mke wangu na mashangazi wawili, wote wamekaa kwa nafasi. Sikuwaonea wivu hata chembe. Binti yangu alikuwa anacheka kwa sauti, na nilikuwa na furaha ya kuwatosha watu kumi.

Mlangoni mwa ukumbi kuna tuta. Nilikanyaga breki. Gari likasimama. Mimi nikaendelea.

Satini ilinipeleka chini ya usukani kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Kitambi kikakwama, magoti juu, kidevu kifuani. Waalikwa waliona kofia tupu juu ya kiti, wakadhani bibi harusi amejiendesha. Wakaja vijana wanne wakanivuta miguu. Suruali ikaanza kutoka peke yake. Nikaamuru wasimame mara moja.

Sindano akachungulia. Akasema usukani lazima ufunguliwe, amempigia fundi magari, lakini yuko mbali, na ndani muziki umeshaanza. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akampa binti yangu kiwiko chake. Nikasema sawa, nenda na mjomba wako. Nilisema kwa moyo mmoja, na moyo huo uliniuma sana.

Binti yangu akakusanya gauni, akazunguka hadi upande wangu, akainama.

"Baba, mkono unatoka?"

Nikautoa juu ya mlango. Ndicho kiungo pekee kilichokuwa huru.

"Basi. Uliniahidi mkono, miguu sikuomba. Mjomba, sukuma."

Na Sindano akasukuma! Ndani ya suti niliyomshonea mimi. Mlango wa ukumbi ulikuwa mpana, gari likapita bila kugusa. Binti yangu alitembea kando yangu, mkono ndani ya mkono, mimi nikishika usukani kwa mkono wa pili bila kuona ninakoenda, yeye akininong'oneza kulia kidogo, Baba, kushoto kidogo. Watu walisimama wote. Vigelegele! Nililia waziwazi, maana leso ilikuwa mfukoni na mfuko nilikuwa nimeukalia. Bwana harusi alinisalimu kwa kuingiza kichwa ndani ya gari, kwa adabu zote.

Chakula nililishwa na mke wangu kwa kijiko. Muziki ulipochanganya wakacheza kulizunguka gari, na mimi nikapiga honi kwa kufuata ngoma. Fundi magari alifika keki ilipokwisha. Usukani ulipotoka, wa kwanza kunikumbatia alikuwa Sindano, jasho likimtiririka. Akaniambia, "Shemeji, hata kama ningelipwa nisingesukuma tena, ila leo ningesukuma hadi nyumbani." Nampenda shemeji yangu. Nimeandika, basi.

Jumapili, 10 Juni

Simu haijapumzika. Kina baba wawili wenye mabinti wa kuoza wanauliza ni nani aliyepanga bibi harusi aingie vile. Nimewajibu ni mimi, na kwamba niliwaza kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa anakunywa maji, yakampalia.

Alasiri tumerudisha jekundu. Mke wangu amechagua gari mwenyewe, la viti saba, la juu, milango mipana. Nimeingia, nimekaa, nimetoka. Hakuna kilichonibana popote. Nimemwambia kweli hili ndilo gari la mtu mzima, na kwamba mambo ya spoti nimeyaacha. Amenishika shavu, macho yake yamejaa mapenzi, akaingia ofisini kuandikishana na mwenye yadi.

Muuzaji akanivuta nyuma ya jengo. Kuna jingine limefika asubuhi. La kijani! Fupi, halifiki hata kimo cha meza yangu ya kukatia vitambaa. Nikamuuliza mtu anakaaje humo. Akasema humo dereva hakai, analala chali.

Kumbe shida yangu siku zote ilikuwa kukaa! Kulala sijawahi kushindwa. Nimemwambia aniwekee kando, na akionana na mke wangu azungumzie hali ya hewa.